Dume wa Nakwa Ambaye Hakuwapo

Ninyi vijana mnaojifunza kazi ya mifugo mmeniomba niandike kidogo juu ya kuhasi ng'ombe, kwa sababu mmesikia kwamba maksai wengi waliolima mashamba ya Singe na Mutuka walipita mikononi mwangu. Ni kweli walipita. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona naruka huku na huku msinisahihishe, ndivyo kichwa changu kinavyotembea. Nitaanza na koleo, halafu nitafika mahali ambapo wengi wenu mtaangalia chini. Mkifika hapo endeleeni tu kusoma. Kuna aibu moja ya mwilini ambayo niliificha mpaka nikawa karibu kumpoteza mke wangu, Mama Neema, na naona vijana wa siku hizi nao wanaificha vilevile, tofauti ni kwamba wao wanaifichia kwenye simu.

Basi koleo. Koleo la kuhasi lina mikono mirefu na mdomo butu. Halikati ngozi. Linabana ile kamba inayoshuka kwenye pumbu mpaka ife ndani kwa ndani. Aliyenifundisha ni mzee Gwandu, Mungu amlaze pema. Yeye alianza kazi zamani kwa vipande viwili vya mti na nyundo, na siku alipopata koleo lake la kwanza alilibeba kutoka mjini kama mtoto mchanga, amelifunga kwenye khanga ya mke wake. Alinifundisha kubana upande mmoja, kisha mwingine, na alama za koleo zisikutane katikati, maana zikikutana damu haipiti na mfuko wote unaoza. Alinifundisha kupapasa ile kamba kwa vidole kabla ya kubana, kwa sababu inateleza kama mlenda, na mtu mwenye haraka anabana ngozi tupu na kuondoka amevimba kichwa.

Mimi niliwahi kuondoka hivyo. Maksai wangu wa kwanza alikuwa wa jirani hapa hapa Nakwa. Alifungwa nira, akalima vizuri, na mwaka uliofuata ng'ombe jike wote wa boma lile wakawa na mimba. Mwenye ng'ombe alikuja nyumbani akanywa chai yangu, akaniambia kwa upole kwamba maksai wangu ana bidii sana.

Siku hizi mnapiga sindano ya ganzi kwanza. Ni vizuri. Ng'ombe wangu wa zamani wangekuwa na kura wangewachagua ninyi.

Kitu kingine alichonifundisha mzee Gwandu ni mahali pa kusimama. Kaa pembeni, bega lako liguse nyonga ya mnyama, ili ujue anachotaka kufanya kabla hajafanya. Usikae nyuma. Mimi maneno hayo niliwafundisha watu wengi sana, na siku moja pale Singe niliyafundisha nikiwa nimesimama nyuma. Kulikuwa na watu wamekuja kutazama, na mimi nikiona watu naongezeka urefu. Nikageuza uso nimweleze mama mmoja namna koleo linavyoshikwa, yule dume kamba ya mguu haijakazwa sawasawa, akarusha teke. Lilinifikia pale pale ambapo mimi nilikuwa najiandaa kumfikia yeye.

Nilianguka kwenye mavi mabichi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Gwandu, ambaye wakati huo alikuwa hafanyi kazi tena, alikuja tu kukaa kwenye kigoda na kunikosoa, alimtazama dume, akanitazama mimi, akasema, "Ngoma droo."

Nikavimba, nikakanda na maji ya moto, uvimbe ukaisha. Nikasahau. Mtu akiwa na miaka hamsini na kitu anasahau teke haraka kuliko anavyosahau kicheko.

Sasa tumefika mahali pa kuangalia chini.

Miezi ilipita, nikaanza kuamshwa na maumivu. Mnajua wenyewe kwamba mwanamume akilala, uume unasimama na kulala, unasimama na kulala, na mara nyingi anaamka asubuhi bado umesimama. Tangu ujana wangu sikuwahi kulifikiria jambo hilo, kama vile hufikirii kupumua. Sasa kila ukisimama unauma. Ulipolala haukuuma hata kidogo, ningeweza kutembea mpaka Dareda. Ukisimama ni kama mtu amefunga kamba ya katani kwa ndani na anaivuta upande mmoja. Nilipochungulia nikaona umepinda kuelekea kushoto, na nilipopapasa nikakuta kitu kigumu chini ya ngozi, kama punje ya harage. Mimi mpapasaji wa kamba za madume wa watu, nikapapasa harage langu mwenyewe, vidole vikawa baridi.

Mawazo yangu ya kwanza nayaandika ili mcheke yaishe. Niliamini ni madume. Nilihesabu moyoni wale wote niliowabana tangu ujana, nikaona wamekaa mahali wamefanya kikao na jina langu limepita. Kuna maksai mmoja mzee alikuwa kwa jirani, mimi ndiye niliyemhasi. Nilikwenda mpaka kwenye zizi, nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini. Aliendelea kucheua. Nikachukulia kwamba amekataa.

Baada ya hapo nikajitibu. Niliacha kunywa maji jioni nikidhani ni kibofu kilichojaa, nikapata kiu na maumivu yakabaki. Nikalala kifudifudi, ikawa mbaya zaidi. Nikafunga kitambaa ili uume usipate nafasi ya kusimama, na hilo ndugu zangu msilijaribu, nililia kama ndama. Nikafikiri labda ni mawazo machafu yananijia usingizini, nikaongeza sala. Nilisali sana wakati ule. Katekista wetu alinisifu mbele ya watu.

Kitu ambacho sikufanya ni kumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kwetu baba hazungumzi habari za chini ya mkanda na mwanawe, wala na kaka mkubwa, na hospitalini nilikuwa nimesikia kuna daktari msichana umri wa Neema wangu. Nilijiona nimesimama mbele yake, ananiambia shikamoo baba, halafu mimi nafungua suruali. Bora madume waendelee na kikao chao.

Na Mama Neema je? Hapo ndipo nilipoharibu. Kila alipogeuka upande wangu mimi nilijikunja ukutani, kwa kuogopa kwamba mwili utaamka. Nikaanza kusema nimechoka. Halafu nikahamia stoo, nikalala juu ya magunia ya mahindi, nikasema panya wamezidi lazima mtu awalinde. Alfajiri nilikuwa natoka natembea barabarani mpaka hali itulie, kwa sababu kutembea kulinisaidia kidogo. Sasa ninyi jiwekeni mahali pake. Mume amehama kitanda, hataki kuguswa, na kabla jua halijatoka ameshatoka nyumbani anaelekea njia ya Mutuka. Hakusema neno. Mama Neema ni mtu wa Dareda, akinyamaza ujue anapanga.

Siku moja akaniuliza, anapepeta maharage, hakuinua hata macho, kama panya wa stoo ni wengi au ni mmoja. Mimi mjinga nikajibu ni mmoja mkubwa.

Nikaona sasa lazima nipate dawa. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mhasi wa ng'ombe tu angeweza kulifanya. Pale mjini kulikuwa na bwana mifugo kijana, Samweli, mwenye duka la dawa za mifugo. Yeye nilimfundisha mimi kushika koleo alipokuwa mwanafunzi wa mazoezi, na tangu hapo aliniita baba. Nikaenda kwake, nikanunua dawa ya kupe ambayo sikuihitaji, nikaegemea kaunta. Nikamwambia nina dume wangu nyumbani ananisumbua. Akisimamisha anaumia, asubuhi hasa, akilala haoni kitu, na uume umepinda.

Samweli ni kijana makini. Akaacha mambo yote akaanza kuuliza. Anakojoa vizuri? Nikasema anakojoa. Kuna usaha au damu? Hakuna. Anapanda majike? Nikakohoa, nikasema alikuwa anapanda, sasa anakwepa. Amewahi kupigwa au kuumia? Nikasema alipigwa teke. Akauliza na dume mwenzake? Nikasema ndiyo, na dume mwenzake.

"Ana umri gani?"

Nilifungua mdomo, hamsini na nane ikafika kwenye meno. Nikaimeza. Nikasema ni mtu mzima kidogo.

Samweli akatikisa kichwa kwa huruma. "Baba, nikwambie ukweli kwa sababu wewe ni mwalimu wangu. Huyo kwa kazi ya mbegu amekwisha. Mpeleke mnadani kabla hajakonda, au mchinje mle nyama."

Nilitoka dukani bila kuaga. Nilipofika nyumbani niliangalia kisu cha jikoni kwa jicho lingine.

Sasa shida ya kumfundisha mtu vizuri ni kwamba anakupenda. Kesho yake mchana nilikuwa stoo nimejilaza kwenye magunia, Mama Neema hajui kwamba nimerudi, nikasikia pikipiki inaingia uani. Nikasikia sauti ya Samweli, shikamoo mama, na Mama Neema akijibu marahaba mwanangu, karibu. Samweli akasema hakulala vizuri kwa ajili ya yule dume wa baba, amekuja amwone mwenyewe kwa macho, labda anaweza kumwokoa, na hahitaji hata soda.

Kulikuwa na ukuta wa mbao tu kati yetu, nikasikia ungo unawekwa chini.

"Dume gani, mwanangu?"

Samweli akaeleza kwa adabu yote. Dume wa baba, aliyepigwa teke na dume mwenzake, anayesumbuliwa asubuhi.

"Sisi hapa tuna ng'ombe jike wawili na mtamba mmoja," akasema Mama Neema. "Dume hatuna. Hatujawahi kuwa na dume."

Samweli akasema labda baba anamfuga sehemu nyingine.

Mnaweza kuiona hesabu ilivyokuwa inajipanga katika kichwa cha mke wangu. Mume amehamia stoo. Kila alfajiri anashika njia ya Mutuka. Kumbe kuna zizi huko, na zizi halijengwi porini, lina nyumba, na nyumba ina mtu wa kupika. Nikasikia mlango wa ndani unafunguliwa, nikasikia sanduku linavutwa chini ya kitanda. Samweli amebaki uani anaita mama, mama, nimesema nini. Kupitia ufa wa mbao nikamwona Mama Neema anatoka na mfuko wake na khanga mbili begani. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Akija mwambie nimekwenda Dareda kwa kaka zangu. Huyo mwenye zizi la dume ndiye ampikie."

Nimewahi kuingia zizi lenye madume ambao hawajawahi kuguswa na mtu. Sikuwahi kuogopa mlango kama nilivyoogopa mlango wa ile stoo. Nilijua nikikaa kimya mpaka afike barabarani na kupanda gari, nyumba yangu imekwisha, na nitakuwa nimeiua kwa ajili ya kitu ambacho sina. Nikatoka. Nywele zina pumba za mahindi, suruali imefungwa kwa kipande cha kamba kwa sababu mkanda ulikuwa unanibana. Nikasimama kati yake na njia.

"Hakuna dume," nikasema. "Hakuna zizi. Mgonjwa ni mimi."

Mama Neema alinitazama. Samweli alinitazama, halafu nikaona anaanza kukumbuka maswali yake moja moja, na kila alilokumbuka lilimpandisha damu usoni. Nadhani alipofika kwenye lile la kuchinja, akakaa chini kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Baba," akasema, "nisamehe."

Mama Neema akaweka mfuko chini. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mvua za vuli. Akaniuliza na panya je. Nikamwambia hakuna panya. Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau. Akasema kwamba miezi yote ile alikuwa anajiangalia kwenye kioo kila asubuhi akitafuta kilichoharibika kwake. Nilikuwa nimefikiri ninaficha aibu yangu. Kumbe niliihamishia kwake, akawa anaibeba bila kujua ni ya nani.

Basi akaenda ndani akabadilisha viatu, akasema twende. Samweli akatupeleka hospitalini na pikipiki yake, sisi wote wawili nyuma, na mimi niliyekaa katikati nawaambia barabara ile ilikuwa na mashimo.

Daktari alikuwa yule msichana. Akasema shikamoo baba. Nikaitikia marahaba, na dunia haikupasuka. Akaniuliza maswali, na jambo la kunishangaza ni kwamba yalikuwa karibu yale yale ya Samweli. Unakojoa vizuri, kuna usaha, uliwahi kuumia. Nikataka kumuuliza kama na yeye atanipeleka mnadani. Akapapasa kidogo kwa glovu, akalipata lile harage mara moja, na nilimheshimu, maana alipapasa kama mtu aliyefundishwa na mzee Gwandu.

Nawaandikia alichosema kama nilivyokielewa, na nilielewa kwa sababu alizungumza taratibu. Alisema kusimama usingizini ni kawaida ya mwili wenye afya. Si tamaa, si ndoto chafu, si lazima kibofu kiwe kimejaa, kunampata kijana na kunampata mzee, hata katekista. Ila kuuma si kawaida, na kuna sababu nyingi. Wengine wana maambukizi ya mkojo au ugonjwa wa zinaa. Wengine govi limebana. Wengine ni tezi dume. Wengine huumia usingizini tu na hawaonekani na kidonda wala uvimbe, nao wana uchunguzi wao. Mimi nilikuwa na kovu. Teke lilichana kidogo ndani, pakapona kwa kovu gumu, na kovu halivutiki kama sehemu nyingine, kwa hiyo uume ukijaa damu unapinda upande wa kovu na kuuma. Harage langu ndilo hilo kovu. Madume hawakuhusika, ukiacha yule mmoja.

Akanipima mkojo, sukari na presha. Akanipa dawa ya maumivu, akanikataza kupaka wala kunywa chochote cha mitaani na kujaribu kuunyoosha kwa mikono. Akaniandikia niende kwa bingwa kwenye hospitali kubwa. Akasema kwa wengi maumivu hupungua yenyewe kadiri miezi inavyokwenda, ila kupinda kunaweza kubaki, na kukizuia shughuli kuna matibabu.

Halafu akasema jambo ambalo aliniomba nilisambaze kwa vijana, ndiyo sababu nawachosha. Uume ukisimama ukakataa kulala mpaka yapite masaa manne, hiyo si sifa ya kumsimulia rafiki. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kukuche, kwa sababu damu iliyokwama humo inaharibu na haitengenezeki tena. Wenye selimundu wanapatwa zaidi, na hawa wanaokunywa unga wa nguvu unaouzwa stendi. Mimi nikawaza, hiyo naielewa kabisa. Damu isipopita, kinaoza. Nimefundisha watu hivyo maisha yangu yote, kwa ng'ombe.

Kwa bingwa nilikwenda, Mama Neema akanisindikiza. Maumivu yalipungua polepole, kabla ya mavuno yaliyofuata yakawa yamekwisha. Nilirudi kitandani kwangu. Kule stoo, nilipohama, panya waliingia kweli wakala gunia zima, na hakuna aliyenihurumia.

Nikaendelea na koleo miaka michache mpaka magoti yalipokataa, na sikusimama nyuma ya mnyama tena. Ninyi pia msisimame nyuma. Na siku mkiumwa, mkienda kwa daktari msiseme ni rafiki yenu, wala ni ng'ombe wenu. Mnaweza kupewa ushauri wa ng'ombe.

Samweli sasa ana duka kubwa na upara kidogo. Tukikutana naye sokoni siku ya gulio anatusalimia kwa heshima zote, kisha anashindwa kujizuia, anamgeukia mke wangu na kuuliza yule dume anaendeleaje. Mimi hujifanya naangalia nyanya. Mama Neema hapunguzi hata mwendo.

"Anakula vizuri," anamjibu. "Amepinda kidogo, lakini hatumuuzi."